Mwanamke wa Chini ya Jiwe la Mistarini

Mimi ni msafiri hodari kuliko mwanamke yeyote ninayemjua. Ninaowajua vizuri ni watano, wawili wamekwisha kufa na mmoja haoni, kwa hiyo sifa hiyo msiibebe mbali. Lakini Mistarini nimefika, nimekaa siku tatu, nimekula chakula chao, na haya ninayoyasema niliyaona kwa macho yangu. Mengine niliambiwa. Na mengine nimeyanyoosha kidogo, kwa sababu yalikuwa yamekaa upande.

Njia sitaieleza. Ilikuwa ndefu, nami nilikuwa na viatu vibaya.

Mistarini ni nchi iliyoanza kwa kitabu cha picha. Wenyewe ndivyo wanavyoamini, wala si kwa mzaha. Wanasema kabla ya yote palikuwa na karatasi tupu, nyeupe, haina juu wala chini. Kisha Mchoraji akachora kisanduku, ndani yake akamchora Shujaa Radi, mwenye joho refu na kifua kama mlango wa duka, na Radi akaanza kusimulia. Alichokisimulia kikawa. Akisema mto, mto. Akisema kunguru, kunguru. Radi hana upanga wala bunduki, silaha yake ni hadithi tu. Akikutana na zimwi hampigi. Anamkalisha chini, anamsimulia kwamba yeye si zimwi bali ni mbuzi, na anasimulia kwa ufundi hata zimwi mwenyewe anaanza kutafuta majani.

Hadithi hizo zilikuwa zikitoka ukurasa mmoja kila Alhamisi, ukibandikwa kwenye ukuta mkubwa wa uwanjani, na sheria ya nchi ni fupi: kilichochorwa ndicho kilichotokea. Kama kilichotokea hakifanani na kilichochorwa, basi kilichotokea ndicho kinachorekebishwa. Niliona bomba pale uwanjani linatoa maji mazuri kabisa, na watu wamepanga foleni kwenye kisima cha mbali, kwa sababu katika toleo la mia mbili na sita Mchoraji alilichora bomba hilo limekauka. Mimi nikainama nikanywa. Wakanitazama kwa huruma, kama wanavyomtazama mtu anayekunywa hewa.

Mpakani alinipokea karani mmoja kijana, safi, mwenye rula mfukoni.

"Shikamoo bibi. Umechorwa toleo la ngapi?"

"Marahaba. Sijachorwa, mwanangu. Nilipigwa picha mara moja ya kitambulisho, nikatoka kama mtu anayetafutwa."

Akaandika. "Basi haupo," akasema kwa adabu. "Karibu sana."

"Ahsante. Na asiyekuwapo anapita wapi?"

"Kwenye nyeupe, bibi."

Hiyo nyeupe ni lazima niieleze. Mji wao wote umepangwa kwa visanduku, kama ukurasa. Nyumba ya fulani ni kisanduku, soko ni kisanduku, uwanja ni kisanduku kikubwa. Katikati ya kisanduku na kisanduku kuna kinjia kilichopakwa chokaa, upana wake kama mlango. Katika kitabu, pale katikati ya picha na picha hapachorwi kitu. Kwa hiyo katika nchi yao, kinachofanyika kwenye chokaa hakijafanyika. Raia wa kawaida haruhusiwi kukanyaga humo ila kwa kuvuka. Wakubwa wao hawatoki humo. Asubuhi yangu ya kwanza tu nilimkuta hakimu amelala, watu wawili wa serikali wamebeba mlango wa shule wanaupeleka mahali ambapo si shuleni, na bwana mmoja mnene anamwomba radhi mwanamke ambaye, kwa jinsi alivyoshika kiuno, hakuwa mkewe. Niliwasalimia wote. Hawakuitikia, na sikuwalaumu. Mimi sikuwapo, nao hawakuwapo.

Jambo la pili ni viputo. Mistarini mtu hahesabiwi kuwa amesema mpaka ainue kiputo, yaani ubao mweupe wa duara uliochomekwa kwenye kijiti. Wa raia ni mdogo kama sahani ya chai, wa mwenye cheo ni kama ungo, na wa waziri unabebwa na watu wawili. Ukisema huku umeushusha, hujasema. Kwa hiyo ukitaka kujua habari za nchi ile usiwasikilize walioinua viputo. Kaa karibu na mtu aliyekilaza chake mapajani.

Mtu wa namna hiyo nilimpata uwanjani, mlinzi mmoja anaitwa Pandu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya mraba uliochorwa kwa rangi nyeusi chini, mpana kama chumba kidogo. Ndani ya mraba alikaa mwanamke wa makamo anasuka ukili wa mkeka. Juu ya kichwa chake lilining'inia jiwe kubwa kama sufuria ya pilau ya harusi.

"Jiwe hilo vipi?" nikauliza.

"Jiwe gani?" akasema Pandu, kisha akakumbuka kwamba mimi mgeni. "Aa, hilo. Hilo ni toleo la mwisho."

Mwanamke akainua uso. "Shikamoo bibi. Usimsikilize huyo. Miaka tisa analinda jiwe lisiibwe."

"Kazija, nyamaza. Ukili wako unaota ndevu."

"Na wewe kigoda chako kimeota mizizi."

Walikuwa wanazungumza kama mke na mume ambao hawana pengine pa kwenda. Nikakaa kwenye chokaa, pale ambapo sikuwapo, wakanieleza kwa zamu, huku viputo vyao wamevilaza mapajani.

Miaka tisa nyuma, ukurasa wa Alhamisi ulimwonyesha mwanamke mmoja mwenye pakacha, na jiwe linamshukia kutoka juu. Chini, pembeni, kwa herufi ndogo, Mchoraji aliandika: itaendelea. Sasa sheria inasema aliyechorwa lazima awepo. Ikaundwa kamati ya kumtafuta mwanamke wa kwenye picha, wakazunguka mji mzima na uzi wa kupimia pua. Wakapatikana watatu waliofanana naye. Wa kwanza alikuwa mke wa jaji, wa pili dada wa mkuu wa kamati.

"Mimi," akasema Kazija, "nilikuwa natoka kuchuma miyaa ya kusukia."

Wakamweka uwanjani, wakamchorea mraba. Jiwe likawasumbua. Katika picha liko hewani, na wao kila wakiliachia hewani lilikuwa linakataa kubaki. Mwisho wakalifunga kamba kwenye nguzo tatu na kupitisha azimio kwamba, kwa kuwa kamba hazikuchorwa, kamba hazipo. Pandu alikuwa anazikagua kila asubuhi.

"Na ukurasa wa pili?"

"Haujatoka," wakasema pamoja.

"Kwa miaka tisa?"

"Mchoraji anachonga penseli," akasema Pandu. "Waziri anatuletea habari kila Alhamisi. Anakuja na vumbi la penseli kwenye sahani, tunalitazama, tunapiga makofi, tunarudi nyumbani."

Nikamuuliza Kazija kwa nini asiinuke tu akaenda zake. Nilimuuliza kwa sauti ya chini, lakini waliokuwa karibu wakasikia, na muuza maandazi mmoja akaangusha koleo. Kwani nchi imeshikiliwa na nini kama si hadithi? Mtu aliyechorwa akitoka kwenye kisanduku chake kabla ya ukurasa mwingine, hadithi inakatika, na hadithi ikikatika mto unakosa wa kuuita mto. Kila kitu kinarudi kuwa karatasi.

"Majirani zangu wananipenda," akasema Kazija. "Wananiletea chakula, mvua ikinyesha wananipa mwavuli. Lakini nikisogeza mguu wanalia. Utawafanyaje watu wanaolia?"

Wakati huo akaja mwanamke mmoja mrefu, mkavu, na bakuli lililofunikwa. Akalisukuma kwa mti mrefu mpaka ndani ya mraba, maana hakuna anayeruhusiwa kuingia katika kisanduku cha mwenziwe kama hakuchorwa humo.

"Kula, mkwe wangu," akasema. "Usije ukafa njaa kabla ya jiwe."

Huyu alikuwa Bi Mkasi. Nchi ile imegawanyika mikondo miwili. Wako watu wa Litaanguka, wanaosema ukurasa ujao jiwe litamponda mwanamke ili Radi apate huzuni na hadithi inoge. Na wako watu wa Litadakwa, wanaosema Radi atatokea na kulidaka. Kila upande una magazeti yake na misiba yake, nao hawaazimani chumvi. Bi Mkasi alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa Litaanguka. Na mwanawe wa kiume alikuwa anamwoa binti wa Kazija siku ya Ijumaa.

"Mimi sina chuki naye," akanieleza, ameona nimemkodolea macho. "Namheshimu sana. Ila jiwe lazima limwangukie. Ni suala la msimamo."

"Ahsante, mkwe wangu," akasema Kazija, anafungua bakuli. "Leo nazi imekolea."

Bi Mkasi alipoondoka, Kazija aliacha kula. Akaniambia lililokuwa linamla yeye. Mistarini, siku moja kabla ya harusi, mama humfunga binti yake kanga kwa mikono yake mwenyewe, naye bibi harusi hutoka nayo hiyo hiyo kesho yake. Mkono wa shangazi haufai, wa bibi haufai. Binti asiyefungwa kanga na mama yake hatolewi nje, na harusi inavunjika. Binti yake, Mwatima, alikuwa na miaka kumi mama alipowekwa chini ya jiwe. Sasa ana kumi na tisa. Kanga ingefungwa Alhamisi kabla ya adhuhuri, katika nyumba ambayo pale alipokaa Kazija paa lake lilionekana.

"Aletwe hapa," nikasema. "Unyooshe mkono tu umfunge."

"Mkono nao ni mimi," akajibu. "Ukivuka mstari, nimevuka."

Pandu aliangalia kwingine. Nilimwona anapangusa pua kwa ukingo wa kiputo chake.

Siku hiyo hiyo nikaenda kwa waziri. Jina lake Machano Faki, cheo chake Waziri wa Itaendelea, na wizara yake ndiyo kubwa kuliko zote. Alikuwa na miaka sita katika cheo hicho. Aliyemtangulia alistaafu kwa kuchoka kusubiri. Alikuwa mtu mpole, ananukia sabuni, na alinipa kiti ingawa sikuwapo.

"Mheshimiwa, nataka kumwona Mchoraji."

Watu wawili wakainua kiputo chake. "Mchoraji anaendelea vizuri. Anachonga penseli."

"Miaka tisa, baba?"

"Hadithi kubwa inataka ncha kali, bibi."

"Kuna mama hapo nje ana harusi ya mwanawe."

"Tunalijua. Wizara imeshatuma salamu za pongezi."

Nikakaa kimya. Ukiwa mzee unajua kwamba mtu mwenye cheo haumudu ukimya, ataujaza na kitu. Naye akawapungia watu wake mkono, wakashusha kiputo.

"Bibi yangu," akasema sasa, sauti ya kawaida. "Ukurasa ukitoka, watu watausoma kwa muda gani? Robo saa. Kisha watageuza vichwa vyao. Wataanza kuuliza habari za kisima, habari za milango ya shule. Mtu anayesubiri hana maswali mengi. Ana moja tu, nalo si langu."

Nikamwambia amesema maneno ya maana. Akasema hakusema kitu.

Jumatano asubuhi nikapita kwenye chokaa mpaka nyumba ya Mchoraji. Hakuna aliyenizuia. Mlinzi wa mlango alinitazama akaona ukuta. Watu wa Mistarini wenyewe hawaendi kule ila kwa kutumwa, kwao ni utovu wa adabu kuutazama mkono unaochora, kama kumchungulia mtu bafuni.

Ndani nilikuta meza ndefu, na juu ya meza karatasi nyeupe imetandazwa, na juu ya karatasi kuku ameatamia. Kwenye kona mzee mfupi alikuwa anachonga penseli kwa kisu, taratibu, vumbi linadondokea kwenye sahani. Kila ukuta ulijaa makopo ya penseli zilizochongwa, zimesimama kama miiba ya nungunungu.

"Wewe ndiye Mchoraji?"

"Mimi Mcha. Mimi mchongaji."

"Mchoraji yuko wapi?"

"Ameondoka." Akapuliza ncha. "Mwaka ule ule wa jiwe. Alioa ng'ambo ya milima, nasikia anafuga nyuki. Alinipa kisu, akanionyesha karatasi, akapunga mkono. Nikaelewa amechoka."

"Na wewe unachonga mpaka leo?"

"Sikuambiwa niache."

Nikamuuliza kama waziri anajua. Mzee Mcha akacheka bila meno. "Waziri hajawahi kuingia humu. Anaogopa kukuta hakuna mtu. Kila Alhamisi anasimama nje ya mlango, ananyoosha mkono ndani hivi, amefumba macho, nampa sahani, anaondoka. Mtu mwema. Humwambii kitu naye haulizi."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa siri ya nchi nzima: mwanamke amekaa chini ya jiwe, na juu ya hatima yake amekaa kuku.

Nikamwinua kuku. Alinidonoa, na haki yake. Nikafuta karatasi kwa ncha ya kanga yangu, nikamwambia Mzee Mcha anipe penseli.

"Ipi?"

"Yoyote. Si zote kali?"

"Kali zote. Hakuna hata moja iliyopata kugusa karatasi." Akanipa moja. "Unajua kuchora?"

"Darasa la nne tulifundishwa kuchora chungu. Mwalimu alisema changu kilikuwa kizuri kuliko vyote." Hilo si kweli sana. Alisema changu kilitambulika.

Nikachora. Shujaa Radi akatoka mpana tumboni na mwembamba shingoni, kwa sababu mkono wangu unajua umbo moja. Nikamwekea joho. Vidole vikaja sita, nikaona nikifuta nitatoboa karatasi, nikaviacha. Pembeni nikamchora Kazija, chungu kidogo kilichovaa kanga, ameshatoka nje ya kisanduku, mguu mmoja mbele, anaelekea kwenye nyumba. Jiwe nikaliweka chini, mahali patupu. Palibaki nafasi, nikamtia na kuku. Kisha nikachora kiputo cha Radi, kikubwa, na ndani nikaandika: TOKA, NENDA KWA MWANAO.

Mzee Mcha alikuja akasimama nyuma yangu.

"Anafanana?" nikamuuliza.

"Anafanana na chungu."

"Basi leo Radi ameshiba. Nani hubandika ukurasa?"

"Mimi. Kuna tundu nyuma ya ukuta wa uwanja." Kisha akasema kama mtu anayesoma kanuni: "Kazi yangu inaishia kwenye ncha. Kinachotoka kwenye ncha hakinihusu." Akaikunja karatasi vizuri, akaitia kwapani, akamrudisha kuku mezani.

Alhamisi uwanja ulijaa. Walikuja kutazama vumbi la penseli, na badala yake wakakuta ukurasa. Mama mmoja alikaa chini. Muuza maandazi akazima moto wake.

Kisha wakaanza wasomi. Kuna mmoja, mwembamba, anaheshimiwa sana, akainua kiputo chake na kusema kwamba huu ni mwanzo wa zama mpya katika mkono wa Mchoraji. Umbo la chungu ni umbo la nchi, inabeba na haimwagi. Kidole cha sita ni ukarimu. Mwingine akampinga, akasema kidole cha sita ni onyo. Kuhusu kuku walikubaliana kwamba bado ni mapema kusema. Mimi nilisimama kwenye chokaa na nilijifunza mengi kuhusu kazi yangu.

Watu wa Litaanguka walikuwa wamenuna. Watu wa Litadakwa walianza kuimba, kisha wakagundua kwamba jiwe halikudakwa wala halikumwangukia mtu, limekaa tu chini, wakakata wimbo katikati. Bi Mkasi alisimama mbele kabisa, mikono kifuani, anautazama ule ukurasa kama mtu anayekagua samaki.

Kazija hakuwa ametoka. Alisimama ukingoni mwa mraba, vidole vya miguu vimegusa rangi nyeusi.

"Toka," Pandu akamwambia kwa sauti ndogo. "Umechorwa nje."

"Nitajuaje ni wa kweli?"

Hilo ndilo likawa swali la uwanja wote. Likapita mdomo kwa mdomo mpaka kwa Waziri Machano, aliyekuwa amefika na sahani yake ya vumbi na hajui aiweke wapi. Nilimwona anautazama ukurasa. Nilimwona anapiga hesabu. Akisema si wa kweli, wataulizana yeye amejuaje, na wataenda kumwuliza Mchoraji kwenye ule mlango. Jua lilikuwa linapanda, adhuhuri haikuwa mbali. Mimi nilikuwa tayari kujitokeza na kusema uongo wangu, nilikuwa nimeuandaa tangu jana na ulikuwa mzuri sana.

Akaniwahi.

"Wananchi," akasema, na wale wawili wakainua kiputo chake juu kabisa. "Ukurasa huu ni wa kweli. Nimeushuhudia mwenyewe ukichorwa. Nilisimama nyuma ya bega lake alfajiri ya leo."

Uwanja ukashusha pumzi. Kazija akamwangalia Pandu.

"Na nchi ikianguka?"

"Ikianguka nitaandika ripoti," akasema Pandu. "Nenda, wee."

Akainua mguu. Watu wakashikana. Wengine walijitupa chini, mmoja akakumbatia nguzo mojawapo iliyoshikilia jiwe, mahali pabaya kuliko pote. Mguu ukavuka rangi, ukagusa udongo wa upande wa pili. Mbuzi akakohoa. Mto, kwa mbali, ukaendelea kuwa mto.

Kazija hakungoja mguu wa pili upewe ruhusa. Alikimbia. Ukili aliousuka miaka tisa ulikuwa umenasa kwenye kidole chake cha mguu, ukamfuata nyuma, mrefu, unafunguka kutoka kwenye lundo lake, ukapita sokoni, ukapinda kwenye kona ya nyumba, na ulikuwa bado unaondoka pale uwanjani wakati mwenyewe alishaingia ndani. Punde tukasikia vigelegele vikitoka kule. Kanga ilikuwa imefungwa.

Makofi yakawa makubwa, na mengi yalimwelekea waziri. Mtu ambaye kwa miaka sita alipigiwa makofi kwa vumbi, ukimpigia kwa kitu halisi, analewa. Machano Faki angeweza kwenda nyumbani wakati ule. Nchi nzima ingebaki imemwamini, nami nisingekuwa na la kusimulia. Hakwenda. Akaanza kueleza jinsi alivyomtayarishia Mchoraji chai. Jinsi walivyoshauriana juu ya kuku.

Bi Mkasi akasogea. Msimamo wake ulikuwa umepondwa mbele ya watu, na alitaka kujua na nani.

"Mheshimiwa," akasema, amekiinua kiputo chake kidogo vizuri kabisa. "Sisi wa Litaanguka Mchoraji hakutukumbuka hata kwa neno moja?"

"Aliwakumbuka, mama, aliwakumbuka!" akasema waziri, uso unang'aa. "Alipomaliza kuchora aliweka penseli chini, akanigeukia, akaniambia kwa ile sauti yake nzito: 'Machano, waambie watu wa Litaanguka nawapenda kama wengine.' Maneno yake hayo. Nayasikia mpaka sasa."

Wazee watatu wanne waliokuwa mbele wakageuka kumtazama Bi Mkasi. Pembeni ya ukuta Mzee Mcha alianza kusoma kucha zake. Mimi sikuelewa kitu bado, na nakiri kwamba uongo wangu mwenyewe niliouandaa ulianza hivyo hivyo, na sauti nzito ilikuwamo.

"Ile sauti yake nzito," akarudia Bi Mkasi.

"Nzito, mama. Ya kubembeleza."

"Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea chakula Mchoraji nilipokuwa mwali," akasema Bi Mkasi, bila haraka, kwa watu wote. "Miaka minne. Alikuwa akitaka chumvi, ananichorea chumvi. Akitaka maji, ananichorea mtungi. Ni bubu, Mheshimiwa. Bubu wa kuzaliwa. Unadhani alianza kuchora kwa sababu gani?"